Sufuria ya Ding Siku ya San Dimas

Kwa Tan Engracia, kama wanavyoitwa kwa heshima bibi wazee wa Malesso, kijiji cha kusini mwa kisiwa, mkaza mwana hapewi sufuria ya nyama ya nazi hivi hivi. Ding aliolewa na Kin, kitinda mimba wa mzee huyo, akiwa bado msichana mbichi, na katika kila fiesta iliyofuata, karamu ya mtakatifu wa kijiji, kazi yake ilikuwa kukata vitunguu. Mwaka mmoja alipandishwa cheo, akapewa wali mwekundu. Wali ukashika chini, akarudishwa kwenye vitunguu. Kosa lake kubwa zaidi lilikuwa kuzaliwa Dededo, huko kaskazini, ambako Tan Engracia aliamini watu hawajui nazi ina kifuu, wanadhani tui huota ndani ya kopo.

Mwaka huu bega la mzee liligoma. Asubuhi ya fiesta ya San Dimas, jiko la nje limeshawaka na nyama iko ubaoni, alijaribu kuinua mwiko mkubwa, akaurudisha chini. Lourdes, binti yake mkubwa, alishanyoosha mkono kuupokea.

"Mke wa Kin," mzee akasema bila kumtazama mtu, "shika."

Lourdes akaurudisha mkono wake, akajifanya anajikuna shingo.

"Nikitoka kanisani nitaonja," mzee akaendelea. "Ukiharibu, mwakani anapika Lourdes, na wewe utakata vitunguu mpaka meno yang'oke. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

Ding aliupokea mwiko kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa makuu, lakini cheo hicho alikitaka. Alikitaka tangu alipoingia nyumba ile na kuona kwamba kila mwanamke pale ana chungu chake, na yeye ana kisu tu.

Nyama ya Tan Engracia kila mtu aliijua: ya ng'ombe, iliyokatwakatwa ndogo kwa kisu kizito, vitunguu, nyanya, tui, basi. Akili ilimwambia Ding apike hiyo hiyo. Lakini marehemu mama yake aliianza kwa kukaanga tangawizi, vitunguu saumu na manjano mabichi yaliyopondwa, akamalizia na zile pilipili ndogo kali zinazopandwa na ndege. Ding alisimama pale, akatazama huku na huko, kisha akaenda kuchimba nyuma ya nyumba na kurudi na manjano mkononi, udongo ukiwa bado umeshika.

Kin, aliyekuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, macho yalimtoka.

"We Ding! Mama atatuua."

"Atakuua wewe. Mimi nitakuwa nimeshafika Dededo."

"Basi ngoja nivae viatu kabisa."

"Endelea kukuna nazi, usinitanie."

Alikaanga viungo mpaka harufu ikavuka ua. Nyama ikaingia, ikatoa maji yake, ikayanywa tena. Tui jepesi likatangulia na kuiivisha taratibu. Tui zito akaliweka mwisho kabisa, moto umepunguzwa, akikoroga bila kupumzika lisikatike. Alipoonja, alicheka peke yake. Halafu akakumbuka nani ataonja baadaye, kicheko kikakatika.

Maandamano ya mtakatifu yalipomalizika, wageni walimiminika. Mzee mwenyewe huwa wa mwisho kurudi, maana ndiye anayebaki kanisani kuivua sanamu ya mtakatifu maua na kuyagawa. Watu wakabariki meza, wakajipanga, wakaanza na wali, wakafika kwenye nyama. Tun Felis, maana mzee wa kiume huitwa Tun, jirani wa nyumba ya pili, alipakua, akala amesimama, akarudi kwenye foleni.

"Tun Felis, si ulishapita?" Lourdes akamuuliza.

"Aliyepita ni ndugu yangu."

"Huna ndugu!"

"Ndiyo maana nakula kwa niaba yake."

Kisha wakaanza kuondoka, na kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Lazima afungiwe balutan, chakula cha kwenda nacho nyumbani. Lourdes alikuwa na foili, na kila aliyeaga aliomba nyama. Siyo kuku, siyo samaki. Lourdes akafunga, akafunga, mpaka mwiko ukagonga chini ya sufuria.

Hapo ndipo wote walipotazamana. Hakuna aliyemwekea Tan Engracia! Miaka yote yeye ndiye aliyesimama na mwiko, akila chake hapo hapo, kwa hiyo katika nyumba ile haikuwahi kumjia mtu akilini kumtengea sahani.

Mzee akaingia na kilemba cha kanisani. Ding akaushika mkono wa mzee na kuupeleka puani, salamu ya heshima.

"Iko wapi?"

Kin akafunua. Ndani palikuwa pakavu.

"Mama, watu wa mwaka huu wamekuja na njaa," Lourdes akajaribu.

Tan Engracia akamega mkate, akasugua nao ukingo wa sufuria, akatafuna.

"Manjano."

"Ndiyo, Mama."

"Nani kakwambia utie manjano kwenye sufuria yangu?"

"Mama yangu. Marehemu."

Mzee akamtazama sana. "Hii haitoshi hata kujua kama nikutukane. Nani kabeba nyingi?"

"Tun Felis. Mbili," Lourdes akajibu.

Mzee akatoka. Ua mzima ukamfuata mpaka barabarani, ukamkuta ameshagonga mlango wa jirani.

"Felis! Lete hiyo balutan."

"Tan, balutan hairudi ilikotoka! Umeona wapi?"

"Sirudishi. Naonja."

Alionja amesimama kizingitini. Akaonja tena. Akaendelea kuonja mpaka foili ikabaki tupu, watu wakiwa wameziba midomo kwa viganja.

"Hiyo ilikuwa ya kesho asubuhi!" Tun Felis akalalama.

"Kesho kula mayai."

Akarudi nyumbani, Ding nyuma yake, roho mkononi. Mzee akavua kilemba, akavuta kigoda karibu na bomba, akaiburuta sufuria mpaka katikati ya magoti yake.

"Nipeni sabuni."

"Mama, bega lako!" Ding akairukia sufuria. "Acha, nitaosha mimi."

Tan Engracia akamsukuma kwa kiwiko, kwa upole ambao Ding hakuwahi kuuona kwake.

"Keti, mwanangu. Jiko hili aliyepika haoshi."

Ding akaketi. Kin akamletea wali na samaki, maana nyama haikuwapo, naye akala mbele ya mama mkwe wake huku machozi ya furaha yakimtiririka, na mzee akisugua.