Udaga wa Maskati

Ukimuuliza Swabaha Suleman anatoka wapi, atakujibu: Biharamulo. Usipopajua, hilo ni lako. Hatakurahisishia kwa kutaja Mwanza, wala hatasema "karibu na Bukoba" kama wafanyavyo baadhi yetu wakishafika mbali, maana Bukoba nayo si karibu. Akiona bado umekodoa macho ataongeza kwamba kwao ni chini ya boma la Wajerumani, ukishuka kama unakwenda sokoni, nyumba ya mlango wa kijani. Utadhani mtu wa Maskati atafunga safari kuutafuta huo mlango.

Maskati ndiko anakoishi, miaka mingi sasa. Ni muuguzi katika kliniki ya mtu binafsi. Asubuhi hupanda teksi ya kuchangia pamoja na Wafilipino na Wahindi, kila mmoja na simu yake, hakuna anayemsalimu mwenzake. Hilo lilimkera tangu siku ya kwanza na linamkera hadi leo. Yeye huwasalimu wote, tena kwa sauti, wajibu wasijibu. Siku nzima huwatafutia mishipa wazee wa Kiarabu, na wengi wao wakisikia Kiswahili chake huruka kama waliochomwa, kabla hata hajawachoma: "Ala! Wewe wa wapi?" Wanataka aseme Unguja. Yeye husema Biharamulo, na mzee hunywea.

Kwa Bi Thuwaiba ndipo lilipoanzia jambo lenyewe. Bi Thuwaiba ni mjane mwenye nyumba kubwa, aliyezaliwa Unguja akahamishwa akiwa binti mdogo, na Kiswahili chake ni kitamu mpaka unatamani agombane na mtu. Juu ya nyumba alikuwa na chumba kizuri chenye bafu lake, mlango unafungukia kwenye paa la sakafu. Wapangaji hakuwataka. Aliposikia tu kwamba mababu wa Swabaha walitoka Pangani na vitambaa vyao, wakapanda bara kufanya biashara wakaishia Biharamulo, akampa ufunguo kwa kodi ya kuoneana haya. Kwa mawazo ya Bi Thuwaiba, ukoo huo ulikuwa umepumzika tu njiani, kwa vizazi vinne.

"Huyu binti yetu, mtu wa Pangani," alikuwa akiwaambia wageni wake wa kahawa.

"Biharamulo, Bibi," Swabaha akisahihisha.

"Ndiyo, ndiyo. Lakini asili."

"Asili pia, Bibi. Babu na bibi wamezikwa kule."

Wageni hucheka, halua ikazungushwa, mambo yakaisha. Walipendana, tusiseme uongo. Kila Ijumaa Bi Thuwaiba alipandisha sahani ya wali, sahani ya bluu yenye ukingo wa dhahabu kutoka seti aliyoolewa nayo, na Swabaha hakuirudisha tupu hata mara moja. Alitia sambusa, alitia kaimati, kama mama yake Mwanaisha alivyomfundisha: sahani ya watu hairudi tupu, ikirudi tupu umesema hutaki ujirani. Wa Unguja wanalijua hilo na wa Biharamulo wanalijua. Kwa mwanamke peke yake katika mji ule, ambako unaweza kufa ndani na jirani akajua kwa harufu, sahani hiyo ilikuwa kitu kikubwa.

Na tukitaja harufu, ndiyo tumefika.

Swabaha ni mtoto wa ukoo wa Pangani, sawa, lakini tumbo lake ni la Biharamulo. Amekulia ugali wa udaga. Asiyeujua udaga ajue hivi: mihogo inamenywa, inalowekwa mpaka ilainike na kuanza kuchacha, inaanikwa juani, inasagwa. Ugali wake ni laini na unashibisha, tena ukila mchana hutafuti cha jioni. Lakini wakati wa kuloweka, mama yangu, pua lazima ivumilie. Sisi harufu hiyo hatuisikii tena. Kila akija likizo, mama yake humpeleka Lusahunga, pale akina mama wanapowauzia madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo, na huchagua udaga mweupe kwa kuunusa na kuuvunja kwa meno, kisha unasagwa na kujazwa sandukuni mpaka nguo zinaachwa.

Mwaka huu unga ulikwisha kabla ya Ramadhani. Likizo ilikuwa mbali. Swabaha alikwenda soko la mboga, akaona mihogo mibichi, akaiangalia kama mtu aliyeona ndugu yake stendi. Akanunua, akamenya, akailoweka ndani ya ndoo bafuni, akafunika vizuri. Kisha akafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya: akawasha feni ya bafuni ili hewa itoke nje, akaenda kazini na moyo mweupe. Biharamulo hewa ikitoka nje imetoka. Nyumba ya Bi Thuwaiba, hewa ya bafu la juu ilishuka kwenye shimo la hewa na kutokea dirisha la ukumbi wa wageni. Na siku ya tatu, mihogo ilipoanza kuchacha, Bi Thuwaiba alikuwa amewaalika wanawake wa heshima kufuturu.

Aliporudi alimkuta Bi Thuwaiba darini, buibui limekaa upande, amesimama juu ya ndoo kama hakimu.

"Hii nini?"

"Shikamoo, Bibi. Ni mihogo. Nafanya udaga."

"Umeniaibisha! Watu wameacha futari wameshika pua. Bi mkubwa mmoja kaniuliza kama kuna maiti!"

Swabaha alijisikia vibaya kweli. Akapiga magoti, akaomba radhi, akasema ndoo itaondoka saa ileile. Mambo yangeishia hapo. Lakini hasira ya Bi Thuwaiba ilikuwa bado na mafuta.

"Miye nimewaambia watu wewe mtoto wa Pangani. Mtoto wa watu! Kumbe umekaa na washenzi mpaka umekuwa wao. Sikiliza nikwambie. Ukitaka kukaa hapa, upuuzi huu wa bara usiingie tena nyumbani kwangu, na wageni wakikuuliza kwenu, useme Pangani, basi. La, tafuta pengine."

Neno hilo, washenzi. Nyinyi wa pwani mmelisahau, au mnajifanya mmelisahau. Sisi tunalikumbuka. Swabaha aliwaona waliotajwa, mmoja mmoja: mama Shibuda aliyemnyonyesha yeye Swabaha wakati mama yake alipougua, majirani wa Kisubi, wenyeji wa kule, waliomchimbia babu yake kaburi mvua ikinyesha. Akasimama kutoka magotini.

"Kwa harufu, Bibi, nisamehe, nimekosa. Kwa kwetu sikuombi msamaha."

"Basi chumba?"

"Chumba ni chako."

Ni rahisi kwetu kumpigia makofi tukiwa huku. Chumba kile kilikuwa karibu na kazi, kina upepo, na chini yake alikuwepo mtu wa kumwita mwanangu. Jioni alimpigia simu mama yake, na Mwanaisha, ambaye ni mtu wa suluhu, akamwambia, "Mwanangu, si ungesema tu Pangani? Neno moja hilo."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mama. Mkataa kwao?"

Mwanaisha akamalizia mwenyewe: "Mtumwa." Halafu akauliza kama ndoo ina mfuniko mzuri wa kusafiria.

Swabaha alihamia mtaa wa Ruwi, Maskati hiyohiyo, kwa Joyness Niragira, binti wa Kibimba kule Ngara, anayesuka nywele katika saluni. Wazee wa Joyness walivuka kutoka Burundi, kwa hiyo habari ya kuulizwa "hasa ninyi ni wa wapi" ameimeza tangu shule ya msingi. Chumba chao ni ghorofa ya nne, lifti imekufa, jirani anakaanga samaki usiku kucha na mwingine anachoma vitu visivyojulikana. Udaga wa Swabaha ulianikwa kwenye paa katikati ya kanzu za Wapakistani, na hakuna aliyesema kitu. Mmoja aliuliza unaliwaje.

Alilia, ndiyo. Ijumaa ilipofika bila sahani, alilia akiwa ameshika mwiko, kisha akasonga ugali.

Na sahani yenyewe? Alikuwa nayo. Katika kufungasha kwa hasira aliibeba, ile ya bluu. Siku chache kabla ya Idi dereva wa Bi Thuwaiba alipiga simu: bibi anaitaka sahani yake, seti imepungua. Salamu hakuna.

"Mpe dereva, ikiwa tupu," Joyness akasema. "Amekufukuza, ujirani gani tena?"

"Sirudishi sahani tupu. Mimi nimelelewa."

"Basi tia kaimati, muachane kwa amani."

"Kaimati ni kumwambia nimekuwa wa Pangani."

Joyness akamtazama, akaelewa, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "We Swabaha! Huyo bibi atazimia!"

Asubuhi ya Idi Swabaha alivaa dera jipya, akasonga ugali wa udaga, akaumimina juu ya sahani ya bluu, akaulainisha kwa maji mpaka ukang'aa. Akaufunika kwa kitambaa cheupe, akapanda teksi na kusalimia wote. Ukumbi wa Bi Thuwaiba ulikuwa umejaa wanawake walewale. Alimwendea, akambusu mkono, akamwekea sahani mbele na kufunua.

"Idi njema, Bibi. Sahani yako hii. Huu ni ugali wa udaga, chakula cha kwetu Biharamulo. Ile harufu mliyoisikia, mwisho wake ndio huu."

Bi Thuwaiba aliutazama ugali, akamtazama Swabaha, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Kiswahili kikampotea. Swabaha akawatakia heri waliokuwepo, mmoja mmoja, akatoka na mgongo wake umenyooka.

Jioni yeye na Joyness walikuwa wameketi kwenye mkeka, dagaa wa ziwani wako jikoni na nyanya na bilinganya chungu, simu ikalia. Bi Thuwaiba.

"Wewe mtoto huna adabu."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeniletea ugali mtupu! Mtu anakula ugali bila mboga? Kwenu huko ndivyo mnavyowapelekea watu wazima chakula?"

Joyness aliziba mdomo kwa kanga. Swabaha hakucheka.

"Kwetu Biharamulo hatupeleki ugali bila mboga, Bibi. Mboga ipo. Iko huku kwangu."

Vyombo vikasikika upande wa pili, mtu akinawa mikono.

"Ghorofa ya ngapi?" Bi Thuwaiba akauliza.

"Ya nne," Swabaha akasema. "Na lifti ni mbovu."