Punguzo la Mtu Asiyehesabiwa

Mume wangu ndiye aliyehesabu watu kanisani kwetu. Kila Jumapili, sisi Wakenya tukikusanyika huku ughaibuni katika ukumbi wa kukodi kule Balsall Heath, alisimama nyuma akatupitia safu kwa safu, midomo ikimchezacheza, kisha akampelekea mchungaji idadi. Nilichukia jambo hilo. Mama yangu ukimuuliza ana watoto wangapi alikujibu, "Wapo," basi. Kwetu binadamu hanyooshewi kidole akahesabiwa kama mbuzi. Ni kumwitia mabaya.

"Na kila wiki unakosea," nilimwambia tukiwa kwenye basi la kurudi mtaani kwetu Castle Vale, "kwa sababu hujihesabu mwenyewe."

"Mimi ndiye ninayehesabu, mama watoto," alijibu, akacheka. Hakubadilika.

Nyumba yetu ni ya shirika la makazi, ghorofa ya chini, vyumba viwili na kijibustani cha kupanda sukuma wiki. Humo ndimo ugonjwa wa kusahau ulimomkuta. Kiingereza kilimtoka kwanza, yeye aliyeendesha basi katika jiji hili hadi kustaafu. Binti yetu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza. Basi akija kutuona nikawa mkalimani wa baba na mtoto wake mezani pangu, kazi ambayo siwezi kumtakia mtu yeyote.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya kodi ya baraza la jiji, ile inayotozwa kila nyumba hapa. Kodi kamili ni ya nyumba yenye watu wazima wawili. Mmoja akiwa na ugonjwa kama wa baba yake na daktari akathibitisha, nyumba huchukuliwa kuwa ya mtu mmoja, na robo ya kodi husamehewa.

"They just disregard him, Mum."

"Maana yake nini?"

"Like, they don't count Dad."

Nilikuwa nakata mboga. Nikaweka kisu chini. "Baba yako yuko pale kwenye kiti, anakula chapati yangu. Nani huyo asiyemhesabu?"

"It's only for the council tax, Mum."

Nilikataa. Pensheni zetu hazikuwa za kujivunia, na hita ya chumbani kwake tulikuwa tukiiwasha kwa kujibana, lakini nilikataa. Niliona nikitia sahihi pale nitakuwa nimemtoa mume wangu nyumbani kwa mkono wangu. Binti alininunia, akarudi Manchester.

Mwaka huo kodi ikapanda vibaya, na saa za maktaba zikapunguzwa. Ukaitishwa mkutano wa wakazi. Bwana mmoja kutoka zile nyumba za kununuliwa ng'ambo ya barabara akasimama na kusema, kwa adabu kabisa, kwamba kwenye nyumba za shirika nusu ya watu wamesamehewa hiki au kile, na kila anaposamehewa mmoja mzigo unawahamia wengine. Alisema hivyo akitutazama sisi tulioketi safu ya mbele. Baadhi yetu tuliinamisha vichwa.

Kilichoniudhi ni kwamba hakuwa anasema uongo mtupu. Jiji lina sufuria moja. Wengine wakilipa kidogo, lazima wengine walipe zaidi, au taa ya maktaba izimwe mapema. Hilo naliona. Hiyo nusu yake sijui aliitoa wapi. Lakini mimi niliyefanya kazi ya kuwaogesha wazee wa jiji hili mpaka kiuno kikakataa, niliyekuwa nikilipa kodi kamili ya watu wawili kwa sababu ya ukaidi wangu tu, kutazamwa kama mla vya bure! Nilitaka kusimama nimpashe. Ningemwambia nini? Kwamba nalipa zaidi ili mume wangu aendelee kuhesabiwa? Ukumbini humo hapakuwa na mtu wa kunielewa, na niliondoka kabla ya chai.

Nilipofika nyumbani nikampigia binti simu. "Omba hiyo robo," nikamwambia. Ni hasira iliyonisukuma, wala si shida: nikitazamwa kama mla vya bure, basi na nile.

Robo ikaja. Ikatuwashia hita, siwezi kusema uongo. Majira ya baridi yale mume wangu alikaa kwenye joto, blanketi magotini, na mimi kando yake nikimsimulia habari za kanisani asizozijua tena. Siku nyingine nilisema peke yangu asubuhi hadi jioni. Mara chache alininyooshea kidole, midomo ikicheza kama zamani.

"Mmoja," alisema.

"Na wewe je?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama abiria. "Mmoja," akarudia.

Alifariki majira ya kuchipua, kitandani mwake. Watu wa kanisa walikuja na nyimbo na masufuria, wakanishika vizuri, kisha kila mtu akarudi kwenye zamu zake. Binti naye akaondoka. Ukimya ulioingia humo ndani sijawahi kuuona. Nikaanza kupigia simu ofisi, kama inavyotakiwa. Watu wa pensheni walibadilisha kumbukumbu zao. Kliniki walibadilisha. Baraza nikaliweka mwisho.

Akapokea msichana mwenye sauti laini. Akanipa pole, nikasikia akibofyabofya kompyuta yake.

"Kwako hakuna kinachobadilika," akaniambia kwa Kiingereza. "Utalipa kiasi kilekile."

"Angalia tena," nikasema. "Nimekuambia mtu amekufa."

"Ndiyo, na nasikitika sana. Lakini tayari ulikuwa unahesabiwa peke yako."

Nikamshukuru. Hakuwa na kosa. Nikaweka simu mezani, nikaenda kusimama mlangoni mwa chumba chake. Kiti kilikuwa palepale, blanketi limekunjwa juu yake. Nikajinyooshea kidole, mimi mtoto wa mama yule wa "Wapo". Mmoja. Kisha nikakinyooshea kiti.

"Wawili," nikasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nimekosea.