Makaa Niliyonunua Njiani

Kaa hapa unisikilize, mwanangu, kwa kuwa kesho unaanza biashara, na jambo hili lilinipata nikiwa na umri wako.

Nakumbuka asubuhi moja ya majira ya mvua. Makaa yalikuwa yameadimika Lubumbashi na bei imepanda. Nilitoka mapema hadi barabara ya Kasenga, nje ya mji, nikawangojea wanavijiji wanaosukuma baiskeli zenye magunia. Wa kwanza alikuwa Papa Ngoie, matope hadi magotini. Hakuwa amekuja mjini tangu kiangazi, akanitajia bei ya kiangazi. Nikalipa haraka, nikanyamaza.

Saa sita akaja sokoni kununua chumvi. Aliyatambua magunia yake mawili kwa majani aliyozibia midomo yake, na akanisikia nikimtajia mama mmoja bei. Hakupiga kelele. Alishika kamba ya gunia, akaniangalia.

Mjomba wangu Ramazani, aliyenipa nafasi pale sokoni, akauliza kuna nini.

"Sikumudanganya, mujomba," nikasema. "Hakuniuliza bei ya mujini."

"Angeuliza namna gani? Ulienda kumungojea kule ili asiijue." Akamgeukia mwenye makaa. "Papa, Mtume alikataza biashara ya vile. Muuzaji akifika soko na kuona bei, iko na haki ya kuvunja biashara ile. Chagua: ibakie vile, ao ubebe magunia yako ya makala."

"Minabeba," akajibu Papa Ngoie. "Na huyu patron, bosi mukubwa, ataniitia wateja. Asubuhi alikuwa bubu, kumbe iko na sauti."

Watu wakacheka. Akanirudishia pesa yangu, nami nikamwitia wateja hadi magunia yote mawili yakaisha. Nilirudi bila faida. Jioni mjomba akanipakulia bukari, ugali wetu wa huku, na jambo lile hakulirudia tena.

Mwanangu, faida ni halali, na kununua kwa bei nafuu si dhambi. Ila dini yetu inataka wote wawili, muuzaji na mnunuzi, waridhie, na mtu hawezi kuridhia asichokijua. Nikinyamaza ili kutojua kwako kunilishe, nimekula kisicho changu. Usiniambie siku hizi kuna simu. Si kila anayetoka porini ana chaji.

Mungu aibariki meza yako, akupe wateja wanaorudi. Kesho ukimkuta mtu njiani na mzigo wake, mwambie kwanza bei ya sokoni, ndipo umuulize yake.