Siku Niliyopima Presha ya Kahawa

Mashine yangu ya espreso niliinunua ikiwa imetumika, na tangu ifike nyumbani ilikuwa inatoa kahawa chungu ya kukunja uso. Nikasoma kwamba maji yanapaswa kupita kwenye kahawa kwa presha ya tisa kwa kipimo kiitwacho baa, nikashuku yangu inasukuma kupita kiasi. Fundi wa majokofu wa Bunda akaniungia geji ya presha kwenye mpini wa ziada, ule unaoshika kikapu cha kahawa. Unaufunga mahali pake bila kahawa, unawasha pampu, mshale unakuambia ukweli.

Mke wangu, aliyekuwa amebakiza wiki chache kujifungua, alinicheka kutoka kwenye kochi la sebuleni. "Mjamzito ni mimi, ila wewe presha unapimaga ya mashine."

Siku hiyo tulikuwa tunamsubiri mama yake kutoka Butiama. Angekaa nasi hapa Nyakato hadi mtoto azaliwe, na mke wangu, miguu imemvimba, alimhitaji kuliko alivyokuwa tayari kusema. Kwetu mama mkwe haishi kirahisi chini ya paa la mume wa binti yake. Hatushikani mikono, hatuli meza moja, na akiniona kifua wazi anabeba mzigo wake anarudi kwao, mpaka wazee wakae na mbuzi achinjwe. Nilijua hayo yote. Ndiyo maana nilivaa shati la kanisani tangu asubuhi.

Ila mashine nayo sikuweza kuiacha. Mshale ulisimama kwenye kumi na tatu. Nikalegeza skrubu ya vali inayopunguza presha, ukashuka hadi kumi na moja. Nikalegeza tena, tisa kamili. Nilifurahi kijinga. Hapo nikasikia hodi, na mke wangu akimkaribisha mama yake ndani. Nikazima pampu, nikauzungusha mpini kuuchomoa, nimesahau kwamba mashine hii ya bei rahisi haiachii presha yenyewe. Inabidi usubiri mshale urudi sifuri. Maji ya moto yakanirukia kifuani. Nikavua shati kabla sijafikiri, nikakimbilia bomba la uani. Njia ya uani inapita sebuleni.

Mama mkwe alikuwa ameinama, anafungua kapu lake. Akainua macho. Tukatazamana, halafu akajifunika uso kwa kitenge.

Pale bombani sikutaka maji yaishe. Kifua kiliwaka, lakini aibu iliwaka zaidi. Mtu mzima nimemfukuza mama wa watu, na kumwacha binti yake bila msaada, kwa sababu ya kikombe cha kahawa. Mama mwenyewe hata kahawa hanywi. Nikakaa nasikilizia geti lifunguliwe.

Aliyekuja ni mke wangu, polepole, ameshika kiuno, shati jingine begani.

"Mama anasema hajaona kitu," alisema. "Alikuwa anaangalia kapu lake. Mzigo ameshaingiza chumbani."

Huyo ni mama ambaye hasemi uongo hata kwa mtoto anayelia.

Kisha mke wangu akanipa kichupa cha asali.

"Kasema upake. Upande wa kushoto, chini ya kile kikovu chako cha zamani."