Mama wa Tebello Ni Mmoja

Huku kwetu Semonkong, bibi harusi hapewi hata nafasi ya kupumua. Kabla hajamaliza kula chakula cha harusi, wakwe wameshampa jina la mama wa mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Mtoto akija, anakuta jina linamngoja. Ndivyo jirani yangu alivyoitwa 'Matebello, mama wa Tebello, mwaka mzima kabla Tebello hajazaliwa. Jina lile hakuliokota njiani.

Tebello alikua, akaenda mjini kujifunza kutengeneza filamu. Mwaka jana wakati wa mavuno alirudi na kamera moja, wenzake wanne, na hadithi ya binti anayerudi kwao asijue kama bado ni kwao. Binti huyo angeigizwa na Tebello mwenyewe. Kwa upande wa mama, alimjaribu mama yake asubuhi nzima, lakini 'Matebello alikuwa akiitazama kamera na kuiuliza kama amenenepa. Basi akaletwa mwigizaji kutoka Maseru, mwanamke mrefu, mpole. Akavishwa blanketi la kujitanda la 'Matebello, na kila mtu akaambiwa amwite 'Matebello ili azoee.

Alizoea upesi mno. Siku ya tatu mzee Lekhooa alipita na punda wake, akampungia mkono yule mgeni. “'Matebello! Naona mwanao anakulisha vizuri!”

“Ee, baba, ananilisha!” mgeni akaitika, kwa raha zote.

Mwenye jina alikuwa hatua tano nyuma yake, na beseni la mboga mikononi.

“Umemsikia?” aliniuliza jikoni, akizikata zile mboga kama zimemkosea. “Blanketi nimetoa. Kiti nimetoa. Bado kidogo atasema hata uchungu wa kuzaa aliuona yeye!”

“Ni maigizo tu, mwenzangu.”

“Na Lekhooa naye anaigiza?”

Alasiri wakapiga tukio kubwa. Tebello anasimama penye zizi, anaita “Mama!”, mgeni anatokea mlangoni. Tukaambiwa tunyamaze. Tebello akaita.

“Ee, mwanangu!” Sauti ikatoka jikoni kabla mgeni hajafungua mdomo.

Watu wakacheka. Mara ya kwanza ilikuwa mazoea, naapa. Mara ya pili siwezi kuapa. Mara ya tatu Tebello alikuja jikoni amevimba.

“Mama, jua linatuacha! Unataka nini?”

“Umeita, nimeitika.”

“Sikuiti wewe, namwita yeye!”

Jirani yangu alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Tebello akajishika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mgeni alikuwa amemfuata, blanketi amelikunja mkononi. “Dada, chukua. Nimelivaa vya kutosha.”

“Na jina?”

“Jina pia. Mimi ninalo langu. Ni 'Malibuseng, nimeolewa mwaka wa tisa huu.”

“Basi kamwite huyo Libuseng wako aje kukuita mama.”

“Hajaja, dada.”

Miaka tisa, na jina bado linasubiri mtu wake.

“Nikiitwa jina hilo dukani natazama chini,” mgeni akasema. “Hapa kwako nimeitwa mama na mtu ninayemwona kwa macho. Wewe wivu wako ni wa siku tatu. Mimi nakuonea wivu tangu niliposhuka kwenye gari.”

Msidhani 'Matebello aligeuka malaika. Alilipokea blanketi, akalikung'uta kwa nguvu, akamtazama yule mwanamke juu mpaka chini. Kisha akamvalisha yeye mwenyewe, akaivuta pini ya blanketi kutoka begani mpaka katikati ya kifua.

“Unalifunga kama mwanamume. Hivi! Siku mbili, umenisikia? Jumamosi narudishiwa vyote, na jina likiwa la kwanza.”

“Nimesikia, dada.”

Tebello akarudi penye zizi, jua limebaki kidogo. Akaita, “Mama!”

'Matebello, aliyesimama karibu nami, alichukua pembe ya aproni yake akaitia mdomoni, akaiuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mlangoni, yule mwingine akaitika.