Swabra Wawili Katika Mtihani Mmoja

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Bondeni nzima washaisikia, na wengine wameitia chumvi hadi ati nilifungwa pingu, kwa hivyo bora muichukue kwangu bila madalali.

Mwanangu Swabra alianza chuo Septemba, masomo ya umeme, akapanga chumba Tononoka na wenzake (kutoka kwangu ni karibu hivi kwamba ukiwasha makaa, uende urudi, bado hayajashika, lakini ati ataka kujitegemea). Kwenye mkutano wa wazazi, mshauri wa wanafunzi alituomba jambo moja: tuwape watoto nguvu tukiwa mbali, tusiwafuate darasani. Niliitikia kwa kichwa kushinda wazazi wote. Oktoba Swabra akaja nyumbani mashavu yameingia ndani, nikimuuliza aniambia, "Nala, Mama," nikimpigia simu hashiki, basi asubuhi moja nikakaanga mahamri, nikatia mbaazi za nazi kwenye hotipoti, nikaazima nikabu ya dadangu (mimi huvaa buibui uso wazi, ndiyo maana wenye maduka Marikiti wakiniona hupandisha bei mapema), nikajiambia naenda kumchungulia dakika mbili tu nione anakula nini, wala hatanijua.

Nilimkuta mlangoni mwa jengo moja la chuo na wenzake, hana hata andazi mkononi. Nikasogea. Wakaingia. Nikasogea tena, na nyuma yangu msururu wa vijana wenye haraka ukanisukuma hadi ndani, na mwalimu, bwana mrefu mtu wa bara, akafunga mlango akasema, "Kaeni. Zimeni simu. Hakuna kutoka."

Nikakaa (nyinyi mngefanyaje?). Nikawekewa karatasi ya mtihani, imejaa duara, mistari na mishale, nikaigeuza juu chini, ikawa vilevile. Kumbe huko nyuma kijana mmoja amekosa karatasi. Mwalimu akahesabu watu, akarudia kuhesabu (hapo nilimheshimu, maana nami ndivyo nifanyavyo), kisha akaanza kupita meza kwa meza akiuliza majina. Alipofika kwangu akasimama, harufu ya mbaazi ishamlaki.

"Wewe dada, jina?"

Wallahi katika chuo kile nilijua jina moja tu. "Swabra Salim," nikasema.

Safu mbili mbele, kichwa kikageuka polepole. Sauti iliyomwamsha kwenda shule miaka yote, ataacha kuijua?

"Swabra Salim ni mimi," akasema.

Mwalimu akatutazama mmoja mmoja. "Swabra wawili. Basi mmoja wenu ni wa kukodi, kaja kumfanyia mwenzake mtihani. Leteni karatasi twende ofisini, na mjue kwa kesi kama hii mtu hufukuzwa chuo."

Nikafunua uso. "Mwalimu, mimi ni mamake, nimemletea chai ya asubuhi."

"Kila wa kukodi ana hadithi yake, mama."

Swabra akasimama. Nilidhani atanikana, na ningemsamehe. "Ni mamangu," akasema. "Muulize swali la kwanza, mwalimu. Akilijibu, nifukuze."

Mwalimu akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa panaulizwa nini?"

Nikainama, nikatazama kwa makini. "Naona duara, na mshale unaozunguka. Ikiwa ndiyo njia ya kwenda sokoni, huyu amezungushwa bure."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, na mwalimu akageukia ubao, mabega yakimtikisika. Nami nikaona hapa ndipo pa kuingilia. "Mwalimu, umemlia mtoto dakika kumi, muongeze kumi na tano."

"Kumi."

"Kumi na mbili, nikuachie mahamri."

"Mama, kumi, na utoke na mahamri yako."

(Bei ya mwisho naijua nikiisikia.) Nikatoka.

Nilimngoja ngazini. Alipokuja hakunisalimu, alikaa kando yangu, akafungua hotipoti, akala, na alipofika hamri la tatu akaanza kucheka hadi akapaliwa, ikabidi nimpige mgongo.

"Mama, nimekonda kwa kupanda ghorofa nne kila siku, si njaa. Na simu sishiki kwa vile niko darasani. Ijumaa ntakuja nyumbani mwenyewe. Huku ndani usije tena."

"Hata getini?"

"Getini sawa. Lakini uso wazi."

Nimeapa na kiapo nakishika: hotipoti naiachia getini, na hata wakiniambia mwanangu yuwatunukiwa dhahabu huko ndani, nitangoja aniletee nje niione. Mtihani aliupita. Ila hao wenzake, nikipita Buxton na kikapu changu, husimama kando kwa adabu zote, wakainamisha vichwa:

"Shikamoo, Swabra."

Nami huitikia marahaba, nifanyeje.