Mwaka Nilioota Miguu

Nilipokuwa darasa la kumi na moja, katika skuli moja ya Ibra, Oman, nilikuwa mfupi kuliko wote kwenye timu yetu ya mpira, na ufupi huo ndio uliokuwa mtaji wangu. Nilicheza pembeni, kulia. Mabeki wakinitafuta kwa macho usawa wa vifua vyao, mimi nimeshawapita usawa wa viuno. Wenzangu walinipa jina la kokwa ya tende, kwa sababu kokwa ukiibana kwa vidole huchupa.

Mwaka ule kocha wa timu ya chuo kimoja cha Nizwa alikuja Ibra kutazama mechi zetu. Alikuwa mtu mnene, wa maneno machache, mwenye kofia ya jua aliyoivaa hata kivulini. Mechi ilipokwisha alinishika bega, akaniambia nimalize skuli, nipate alama za kuingia chuo, kisha nende Nizwa kwenye majaribio, kwani timu yake inamkosa mchezaji mdogo mwenye mbio. Nilirudi nyumbani nikaitangaza habari ile kana kwamba nimeshapewa jezi.

Nyumbani mtu wa kutangaziwa kwanza alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman tayari mtu mzima, na Kiswahili alikuja nacho kizima vilevile. Sisi wajukuu tulizungumza Kiarabu baina yetu, na Kiswahili tulikitoa mbele yake tu, kwa woga, maana hakuwacha kosa likapita. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nitacheza mpira chuoni. Akauliza hicho chuo kinasomesha nini. Nikamwambia uhandisi. Akasema basi vizuri, mpira utakuwa wa jioni.

Likizo ya kiangazi tulikwenda Al Qabil, kwenye shamba la mitende la jamaa zetu, na huko ndiko mambo yalikoharibika. Nilirefuka. Sisemi niliongezeka kidogo, kama vijana wote wanavyoongezeka. Nilikwenda na kanzu inayogusa vifundo vya miguu, nikarudi nayo imeishia katikati ya muundi. Bibi alifumua upindo akaishusha. Baada ya wiki chache akaunga kipande cha kitambaa chini, na kabla skuli haijafunguliwa akaunga cha pili. Vitambaa vyote vilikuwa vyeupe, lakini kila kimoja na weupe wake, na mimi nikatembea Ibra nzima na kanzu ya ngazi tatu. Viatu vya mpira nilibadilisha mara mbili.

Mwanzoni nilifurahi. Nilidhani mtu mwenye kasi akipewa miguu mirefu atapata kasi zaidi. Siku ya kwanza ya mazoezi nilipokea mpira pembeni, nikamtazama beki, nikageuka kama nilivyozoea. Kiwiliwili kiligeuka. Miguu ikafuata baadaye, mmoja kwanza, wa pili ukaja kuukanyaga wa kwanza, nikaanguka kifudifudi na beki hajasogea hata hatua. Wiki ile nilianguka kila siku. Nilimwangusha na kipa wetu, ambaye alikuwa amesimama tu langoni anafunga kamba za viatu. Mwalimu wa michezo, Mtunisia mpole sana, aliniita kando akaniuliza kama naumwa. Nilipomwambia siumwi alisikitika zaidi, akanikalisha benchi.

Jioni moja nilipita ukumbini nikaigonga meza ya kahawa kwa goti, nikarudi nyuma nikaigonga kwa kisigino. Bibi alikuwa amekaa pale anachambua mchele.

"Una nini wewe?" aliuliza.

"Mguu zangu hazinisikii, bibi."

"Miguu yangu hainisikii," alinisahihisha kwanza, ndipo akauliza tangu lini.

Nilimweleza yote, na benchi, na Nizwa, na kocha anayemngoja mchezaji mdogo ambaye hayupo tena duniani. Alisikiliza hadi mwisho na mkono wake haukutoka kwenye sinia. Akainuka na sinia lake akaenda jikoni. Nilidhani habari imeishia hapo.

Kesho yake nilipotoka kusali alasiri nilikuta zulia la majlisi, chumba chetu cha wageni, limeondolewa mito, na juu yake zimepangwa finjani kumi na mbili za kahawa, safu mbili, moja hapa moja pale. Zilikuwa finjani zake za harusi, nyembamba, zenye ukingo wa rangi ya dhahabu, na sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kuziosha. Ami yangu, mdogo wake baba, anayefanya kazi baladia, yaani manispaa, alikuwa amekaa pembeni na miguu ameikunja, anajizuia kucheka.

"Lete mpira wako," alisema bibi. "Pita katikati, uzunguke kila moja. Polepole, mume wangu."

Mume wangu ndivyo alivyoniita siku zote, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. Siku ile lakini alisema kama anamuaga askari anayekwenda vitani.

Nilivunja mbili kabla ya adhana ya magharibi. Mama alikuja mbio kutoka jikoni, akazitazama, akamsihi bibi apange makopo ya maziwa badala yake, yako tele. Bibi akakataa.

"Kopo hatalionea huruma," alisema. "Finjani zangu atazionea."

Na kweli nilizionea. Kila jioni nilipita baina yake na jasho linanitoka, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba mguu wangu wa kushoto unaishia mbali kuliko ninavyodhani. Ami alijifanya refa, akapuliza kwa mdomo kila nikigusa ukingo. Ya tatu ilivunjika, ya nne, ya tano, halafu ikapita wiki nzima hakuna iliyovunjika, halafu ami mwenyewe akaikalia ya sita. Wageni walipokuja wakanywa kahawa kwenye gilasi za karatasi. Jirani mmoja aliigeuza yake huku na huku akauliza zile finjani za zamani ziko wapi. Bibi akamjibu kwamba ziko mazoezini.

Skulini nilirudishwa uwanjani, dakika chache kwanza, kisha nusu mechi. Ile kasi ya zamani haikurudi. Niliacha kuanguka, na hilo peke yake liliwafurahisha watu. Mitihani ilikwisha, alama zikatosha, na siku ya majaribio ikafika.

Ami ndiye aliyenipeleka Nizwa kwa gari yake. Bibi alikataa kubaki. Tulipotoka asubuhi alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na chupa ya chai ya maziwa, mkate wa kumimina na sambusa zilizofunikwa kwa kitambaa, na njia nzima alinikumbusha nisile nyingi.

Uwanjani kocha alikuwa na kofia ileile. Nilimwamkia, nikamwambia nimetoka Ibra. Uso ukamkunjuka, akanipa mkono, akatazama nyuma yangu, kisha ndani ya gari.

"Yuko wapi ndugu yako mdogo?" aliuliza.

Bibi hakujua Kiarabu kingi, lakini hilo alilielewa. Akashusha kioo, akasema kwa Kiswahili kwamba ndiye huyuhuyu, amekua tu, na kwani yeye kocha alitaka asikue. Ami akatafsiri nusu ya kwanza. Kocha alinitazama kuanzia viatu, akapandisha macho taratibu, na niliona masikitiko yakipanda nayo. Akafuta kitu kwenye karatasi yake, akasema haya, nikacheze beki.

Nilikuwa sijawahi kucheza beki maisha yangu. Walinipangia kijana wa pembeni, mfupi, mwepesi, anayechupa kama mimi nilivyokuwa, na mara ya kwanza alinipita nikiwa bado namstaajabia. Nilimkimbiza. Nikamkaribia, nikajikwaa, nikalala chini mzimamzima, na mguu wangu ule wa kushoto, unaoishia mbali, ukafika kwenye mpira ukautoa nje. Hakuguswa mtu. Watu wakapiga makofi. Niliinuka nikajipangusa kama mtu aliyekusudia.

Mara ya pili nilijikwaa tena, mpira ukatoka tena. Mara ya tatu nilikusudia kweli, na ilikuwa safi kuliko zote. Kipindi chote kilichobaki kijana yule alihama upande.

Tulipomaliza kocha aliniuliza nani aliyenifundisha kuingia chini vile. Nilisema bibi yangu. Alidhani namfanyia mzaha, akaenda zake kwenye gari kumwamkia mzee kwa adabu, na alipotoka huko alikuwa na sambusa mkononi. Baada ya siku nne jina langu likatoka kwenye orodha, la mwisho, beki wa akiba. Ami mpaka leo anasema ile sambusa ilifanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo nilikwenda chuo Nizwa, nikasoma, na jioni nikacheza. Nikacheza ni neno kubwa. Miezi ya mwanzo nilibeba maji na kukaa benchi nikitazama migongo ya wenzangu. Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Sur, dhidi ya chuo cha huko. Tulikuwa tumeshafungwa mbili, kocha akanitazama, akapumua, akaniambia ingia. Zilibaki dakika kumi na tano. Nilizuia mpira mmoja kwa kichwa, mwingine kwa tumbo, na wa tatu, katika kuuwahi usimfikie mshambuliaji wao, niliupiga vizuri kabisa, chini, kwenye kona ya lango, mahali ambapo kipa wetu asingeweza kuufikia.

Basi lilipokuwa linaondoka Sur bibi alinipigia simu. Aliuliza kama nimecheza. Nikasema nimecheza. Akauliza kama nimetia goli. Nikasema ndiyo bibi, moja.

Hakuuliza zaidi. Kabla hatujafika Ibra, njiani kurudi Nizwa, nilikuwa nimeshapokea pongezi kutoka Al Qabil, Al Mintirib, na shangazi mmoja aliyeko Unguja, ambaye alitaka kujua nililitia kwa mguu gani. Nilimjibu kwamba wa kushoto.